Komredi Akikwama: Somo la Pesa Tulilolipata Machi 2020

Mteja wetu, unaikumbuka wiki ile? Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya. Jumapili tarehe 15 rais akaagiza shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa tarehe 20 viwe vimefunga. Siku tano tu. Sasa fikiria mwanafunzi yuko Nairobi, nyumbani kwao ni Lodwar, ana mabegi mawili na shilingi 300 kwenye simu. Angefikaje?

Leo tunazungumzia msaada wa dharura kwa wanafunzi wa chuo: unatoka wapi, unafikaje haraka, na unaibiwaje njiani. Korona ilitufunza, lakini dharura haikuisha na korona. Chuo kinaweza kufungwa kwa mgomo, mzazi anaweza kupoteza kazi, au komredi akaugua katikati ya muhula.

Pesa za karo si pesa za nauli

Watu wengi wakisikia "msaada wa wanafunzi" wanafikiria HELB na basari. Hizo ni muhimu sana, lakini tuelewane zinavyofanya kazi.

HELB ni mkopo. Unasaidia karo na matumizi, na utalipwa baada ya masomo. Haufiki siku ambayo umekwama stendi. Basari ya eneo bunge au ya kaunti nayo ina fomu za kujaza, sahihi za kutafuta na kamati ya kuketi. Ikipita, pesa huenda moja kwa moja kwa chuo, haziingii mfukoni mwa mwanafunzi.

Kwa hivyo ukiwa na shida ya leo, anza na ofisi ya mlezi wa wanafunzi hapo chuoni. Baadhi ya vyuo vina mfuko mdogo wa dharura au kazi za vibarua kwa wanafunzi, na wengi hawajawahi kuuliza. Baada ya hapo, wanaobaki ni watu wako.

Omba kwa hesabu

Meseji ya "niaje, nimesota, nitumie chochote" hujibiwa polepole, kwa sababu anayesoma hajui shida ni ya kiasi gani. Jaribu hivi:

"Habari za jioni mjomba. Chuo kinafungwa Ijumaa. Nauli ya kufika nyumbani ni 2,500, mimi nina 300. Shangazi ameahidi 1,000 na kaka 500. Imebaki 700. Naomba unisaidie ukiweza. Nikifika nitakupigia."

Mjomba ameona lengo, ameona wengine wameingia, na ameona sehemu yake. Hata kama hana 700 zote, atatuma 400 na kukuunganisha na mwingine.

Wiki ile ya Machi kuna jambo lililosaidia sana michango midogo kama hii. Tarehe 16, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kutakuwa bila ada. Mpango huo uliongezwa hadi mwisho wa Desemba 2020. Wakenya hawakuchelewa: anayetaka kutuma 3,000 alituma elfu moja mara tatu. Lakini kutoa pesa kwa wakala kulibaki na ada yake, na wengi walishtuka hapo.

Siku hizo za bure zimepita, ila funzo limebaki. Kabla ya kutuma, uliza pesa zinaenda kufanya nini. Kama ni bando, mnunulie moja kwa moja kwenye laini yake. Kama ni kodi ya hosteli au nauli, na mwenye ploti au kampuni ya basi ina nambari ya malipo, lipa huko. Utaokoa ada ya kutoa, na utajua pesa zimefanya kazi uliyozitumia.

Mkichanga kama kundi

Darasa zima likimchangia mwenzao, pesa huleta maneno haraka. Fanyeni haya mapema:

- Chagueni laini moja, na kila mtu ajue jina litakalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti, asitume.
- Mweka hazina abandike orodha kwenye kundi la WhatsApp kila jioni: nani ametuma, ngapi, jumla ni ngapi.
- Semeni lengo, na mkilifikia msimamishe mchango.
- Mkilipa, wekeni ujumbe wa malipo hapo hapo kundini.

Na ukilipa karo ya mtu, andika nambari yake ya usajili polepole, kisha uisome tena. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaweza kuingia kwenye akaunti ya mwanafunzi mwingine, na kuzihamisha ni safari ya ofisi ya fedha. Ukituma kwa nambari ya simu isiyo sahihi, tupigie papo hapo. Aliyezipokea akishazitoa, mikono yetu inakuwa mifupi.

Tapeli naye anajua kalenda ya chuo

Kila kukiwa na shida, meseji kama hii hutokea: "Hongera! Umechaguliwa kupokea msaada wa wanafunzi Ksh 15,000. Tuma 350 ya usajili."

Kumbuka tulichosema juu: basari hulipwa kwa chuo. Haiji kwa meseji, na haiombi 350. Zaidi ya hapo, shika mambo matatu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, hata akijua jina lako kamili. Na ukiambiwa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", angalia salio lako mwenyewe kwanza, kwa sababu meseji ya kupokea pesa inaweza kughushiwa. Kama kweli zimeingia, usizirudishe wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja.

Mwanafunzi anayeibiwa 350 za mwisho hapotezi 350 peke yake. Anapoteza chakula cha siku mbili na ujasiri wa kuomba tena.

Mkopo wa simu: lini ndiyo, lini hapana

Tunasema hili tukijua mikopo ni sehemu ya biashara hii yetu. Tuseme umekopa 1,000 na ada ni asilimia 10. Utarudisha 1,100. Si mbaya kama unajua siku na mahali pesa hizo zitatoka. Lakini ukikopa kwingine ili kulipa hiyo, na kwingine tena, ndani ya muhula mmoja unaweza kuwa na deni lililozidi shida iliyolianzisha, na jina kwenye CRB kabla hujaandika barua ya kwanza ya kuomba kazi. Kama hujui utalipa na nini, rudi kwa mjomba. Aibu ya kuomba huisha kesho.

Fanya hili leo

Kama una mtoto, mdogo wako au mpwa chuoni, mfungulie akiba ya "nauli ya kurudi". Shilingi 50 kwa wiki, kwa wiki 30, ni 1,500. Iwekwe mahali ambapo haiguswi kwa chipo wala kwa bando. Kisha mpigie umuulize swali moja: chuo kikifungwa kesho asubuhi, utafika nyumbani na nini?

Akisitasita kujibu, anza na 50 ya kwanza leo jioni.