Ada Imelipwa, Je, Wiki za Kwanza? Kumsindikiza Kijana Wetu Chuo Kikuu cha Kikatoliki Tabora



Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, maswali yanayotoka sharikani huwa ni yale yale. Kijana wetu amechaguliwa kusoma chuo cha Wakatoliki Tabora. Je, atapokelewa vema? Atalazimishwa kubadili dhehebu? Na tukishalipa ada, tumebakiwa na kazi gani? Makala hii inajaribu kuyajibu, kwani kijana anaweza kushindwa masomo wakati ada yake imelipwa yote.

Chuo chenyewe

Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, ambacho wengi hukiita AMUCTA, kilianza mwaka 2010 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza. SAUT ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Ilitokana na taasisi ya Nyegezi iliyoanzishwa mwaka 1960, ikawa chuo kikuu mwaka 1998. Marko Mihayo, ambaye chuo cha Tabora kina jina lake, alikuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Tabora.

Chuo kinaandaa walimu, wakiwamo walimu wa elimu maalumu. Kazi hiyo ina mizizi hapa Tabora: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa katika mji huu na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Kwa hiyo kijana wetu asishangae kuona wenzake wakiongea kwa lugha ya alama au wakisoma maandishi ya nukta nundu.

Sifa za chini za kujiunga huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), nazo ni za masomo, si za dhehebu. Tabora ni mji uliozoea wageni tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Mlutheri, Mmoraviani na Mwislamu hukaa benchi moja na Mkatoliki.

Pengo la wiki za kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa fedha ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita bumu. Kiwango chake kilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini bumu haimngojei mwanafunzi stendi. Hutolewa kwa awamu, baada ya yeye kusajiliwa na kuthibitisha kwamba yupo chuoni. Katika kipindi hicho anatakiwa kulipia chumba, godoro, ndoo, jiko, nakala za vyeti na chakula. Asiyepata mkopo hana hata hicho cha kungojea.

Hata bumu ikifika, hesabu yake ni nyembamba. Tuchukue mfano. Siku 60 ni shilingi 600,000. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa shilingi 40,000 kila mwezi, zinaondoka 240,000. Zinabaki 360,000, yaani shilingi 6,000 kwa siku, kwa chakula, nauli, umeme, sabuni na kutoa nakala za masomo. Kijana ambaye hajawahi kushika 600,000 mkononi anaweza kununua simu wiki ya kwanza na kulala njaa wiki ya sita.

Chumba na majirani

Wasiopata nafasi hosteli hupanga mitaani, Ng'ambo kwa mfano. Chumba cha bei nafuu kinaweza kuwa na choo cha nje na mlango usio na kufuli la maana. Kwa binti hili si jambo dogo. Mwanamume anayejitolea kumlipia kodi binti mwenye njaa hatoi bure. Kamati inayomlipia binti kodi ya muhula wa kwanza inamlinda kuliko semina nyingi.

Darasani

Sekondari kengele humwamsha mwanafunzi na mwalimu humfuata. Chuoni hakuna anayemfuata. Kazi za muhula na majaribio huingia katika alama za mwisho, hivyo anayefika mwezi mmodi baada ya wenzake ameanza na deni. Akishindwa somo hurudia mtihani, yaani "sapu". Akishindwa zaidi huondolewa masomoni.

Ibada

Kijana atasalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo" na atazoea kuitikia "Milele na milele, amina", kama wao wanavyozoea "Bwana Yesu asifiwe" yetu. Kuheshimu taratibu za wenyeji, pamoja na za mavazi na nidhamu, si kubadili dhehebu. Makanisa yetu yamekwisha kuonyesha njia: tangu mwaka 1992 Wakatoliki na Waprotestanti wanashirikiana katika elimu na afya kupitia Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC). Hata hivyo kijana anahitaji usharika wa karibu. Akipotea Jumapili nne, awepo wa kuuliza habari zake.

Kamati ifanye nini?

1. Katika kila harambee au mnada wa mazao, tengeni fungu la ada na fungu la wiki nane za kwanza. Msiyachanganye.
2. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, na risiti irudi kwa mhazini.
3. Fedha ya chakula itumwe kila wiki, si yote kwa siku moja.
4. Mchungaji aandike barua ya utambulisho kwa usharika wa Tabora mjini kabla kijana hajasafiri.
5. Mzee mmoja wa kanisa apewe jukumu la kumpigia simu kila wiki mbili. Aulize kwanza amekula nini, ndipo aulize masomo.
6. Mwisho wa muhula matokeo yaletwe kwenye kamati na muhtasari utumwe kwa mfadhili, hata kama kuna sapu. Mfadhili anayefichwa habari huchoka kutoa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Sharika zetu zimekuwa hodari wa kuhesabu msingi, yaani ada. Tuhesabu na ngazi za kupandia.