Sodiamu Ikivaa Sare ya Potasiamu

Sogeeni, wajukuu. Leo twende delta ya Rufiji, kule mto unakokutana na Bahari ya Hindi katikati ya mikoko. Wakulima wa huko hupanda mpunga kwenye matope ya delta, kisha hungoja mto ufurike. Wanachongoja si maji tu, ni chumvi ioshwe, maana kiangazi mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda mpaka mashambani.

Sasa uchungulieni mzizi wa mche. Una njaa ya potasiamu, kwani ndiyo inayofungua na kufunga vitundu vya jani, na vimeng'enya zaidi ya 50 haviendi bila hiyo. Mzizi una vijilango vya kuipitisha. Shida ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Zote mbili zina chaji moja chanya, basi sodiamu hujipenyeza kama mtoto wa shule ya jirani aliyeazima sare: mlinzi getini anatazama shati tu! Ikishaingia, inashika nafasi ya mwenyewe na kazi haiifanyi.

Tena ni nyingi mno. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 11 za sodiamu, na potasiamu haifiki hata nusu gramu. Ndiyo maana simshauri mtu amwage gunia la mbolea ya potasi kwenye shamba lililoingiliwa na bahari. Chumvi ikiwa kidogo, mbolea husaidia. Ikizidi, ni hela kutupwa.

Dalili huanzia majani ya chini. Ncha zinakauka na kuwa nyeupe, kwa sababu mche hurundika sodiamu kwenye majani makuukuu ili machanga yapone. Chumvi ikija mpunga unapochanua, bonyeza punje kwa kucha: ndani hamna kitu, mapepe matupu.

Lakini upo mpunga mjanja. Huko Kerala, India, hulimwa Pokkali kwenye mabonde ya maji chumvi. Una jeni inayotengeneza protini ya kuichomoa sodiamu kwenye mishipa ya maji kabla haijafika jani, na potasiamu inaachiwa ipite. Watafiti huuchavusha na mpunga mwingine, kisha huchagua miche iliyorithi ujanja huo. Ila jeni hiyo huulinda mpunga zaidi ukiwa mchanga. Kwa wakati wa kuchanua, bado wanatafuta nyingine.