KIMEA: UNGA MCHACHE UONGEZAO NGUVU YA UJI WA MTOTO

Si jambo geni kuona katika nyumba yenye ghala la nafaka mtoto wa mwaka mmoja aliyedhoofika, ingawa hapewi uji kwa uchoyo wala wazazi wake si wavivu. Mara nyingi lawama hutupiwa mama, au ugonjwa, au jicho la watu. Magonjwa kweli huchangia, lakini sababu mojawapo imo katika uji wenyewe, na dawa yake imo katika nafaka ileile iliyoko ghalani. Dawa hiyo ni kimea, na nguvu ya kimea hutokana na vimeng'enya vilivyomo ndani yake.

VIMENG'ENYA NI NINI?

Vimeng'enya ni protini za aina maalumu ambazo kila kiumbe hai hutengeneza ili kuharakisha mabadiliko ya kikemia. Vile vya usagaji wa chakula hukata chembe kubwa za chakula kuwa ndogo, ili mwili uweze kuzifyonza. Kimeng'enya kiitwacho amilasi, kilichomo katika mate na katika maji ya kongosho, hukata wanga kuwa sukari. Mtu akitafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kulimeza, huanza kuonja utamu. Hiyo ndiyo kazi ya amilasi. Vimeng'enya vingine hukata protini na vingine mafuta. Vyote vina adui mmoja, nalo ni joto kali: chakula kikichemka, vimeng'enya vyake hupoteza nguvu.

VYAKULA VYENYE VIMENG'ENYA

Utomvu wa papai bichi una papaini, ambayo hukata protini. Ndiyo maana wapishi wa mwambao huipaka nyama ngumu papai bichi lililopondwa kabla ya kuichoma, nayo hulainika. Nanasi bichi lina bromelaini, ambayo ni sababu mojawapo ya ulimi kuwasha mtu akila nanasi jingi. Asali nayo ina kimeng'enya cha wanga kinachoitwa diastasi, na wanunuzi wa nje hukipima ili wajue kama asali ilichemshwa. Vyama vya wafugaji nyuki havina budi kulikumbuka hilo. Katika mtindi, bakteria wenye manufaa hula sehemu ya sukari ya maziwa, na hivyo watu wengi wanaosumbuliwa na maziwa mabichi huweza kunywa mtindi bila taabu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mtu mwenye afya hupungukiwa na vimeng'enya hadi avitafute dukani. Mwili hutengeneza vya kwake, na vingi vya vile vinavyoliwa huharibiwa na asidi ya tumbo. Vimeng'enya vya chakula huleta faida kubwa zaidi vinapofanya kazi kabla ya chakula kuliwa: katika nyama, katika kibuyu cha maziwa, na hasa katika sufuria ya uji.

TUMBO DOGO, UJI MWINGI

Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua chakula cha takriban kikombe kimoja cha mililita 250 kwa mlo. Unga wa nafaka ukipikwa, wanga wake hufyonza maji na kuvimba. Mama akitia unga gramu 200 katika lita moja ya maji, hupata uji mzito unaokaribia ugali, ambao mtoto mchanga hawezi kuumeza vyema. Kwa hiyo hupunguza unga hadi gramu 60 hivi, akapata uji mwepesi unaonyweka. Mtoto hunywa kikombe kizima, hushiba, lakini kilichojaza tumbo lake ni maji. Kikombe hicho kina kalori 50 hivi tu, ilhali kikombe cha uji mzito kingempa takriban 150. Huo ndio mtego wenyewe: uji wenye nguvu haunyweki, na uji unaonyweka hauna nguvu.

KAZI YA KIMEA

Punje ya nafaka inapochipuka hutengeneza amilasi nyingi ili kuugeuza wanga wake kuwa chakula cha mche. Punje hiyo ikikaushwa na kusagwa wakati ufaao, amilasi hubaki katika unga. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo, yaani gramu 10 hivi, kikitiwa katika uji mzito wa gramu 200 za unga, huulainisha kwa dakika chache ukawa wa kunyweka, bila kuongeza hata tone la maji. Mtoto hupata kikombe kilekile chenye nguvu mara tatu. Zaidi ya hayo, kuchipusha nafaka hupunguza kemikali zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Jambo hili lilichunguzwa nchini Tanzania. Mwaka 1983 A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, pamoja na U. Svanberg wa Sweden, walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya uji wa watoto uliotengenezwa kwa unga wa nafaka iliyochipushwa.

Ufundi wenyewe si mgeni vijijini. Wapikaji wa mbege mkoani Kilimanjaro hutumia kimea cha ulezi tangu zamani. Kwa sababu hiyo wapo wazazi wanaohofu kuwa kimea kitamlevya mtoto. Hofu hiyo haina msingi. Kinacholeta ulevi ni hamira inayoachwa katika pombe ili ichachuke kwa muda mrefu. Uji wa kimea hunywewa siku ileile ulipopikwa, nao hauna ulevi wowote.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Chagua ulezi au mtama safi, usio na ukungu. Mahindi hufaa pia, lakini kimea chake ni dhaifu zaidi.

2. Osha, kisha loweka katika maji safi usiku mmoja. Mwaga maji.

3. Tandaza nafaka katika gunia safi lenye unyevu, funika, na uweke mahali penye kivuli siku 2 hadi 3, ukinyunyiza maji kila siku mpaka machipukizi yaonekane.

4. Anika juani juu ya mkeka safi ulioinuliwa kutoka ardhini, mpaka nafaka ikauke kabisa.

5. Fikicha kwa mikono ili mizizi na machipukizi yote yatoke, kisha pepeta. Saga, na uhifadhi unga katika kopo lenye kifuniko.

Wakati wa kupika, uji mzito uive kwanza, kisha uepuliwe na kuachwa upoe kidogo. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka, amilasi huharibika na kazi hupotea. Koroga, subiri dakika kumi, halafu urudishe uji motoni uchemke tena kidogo ili vijidudu vilivyoingia na kimea vife.

MAMBO YA KUANGALIWA

Kwanza, mbegu za kupanda zilizotiwa dawa zisitumike kamwe, hata zikioshwa mara nyingi. Makatibu wanaogawa pembejeo wawaonye wanachama kuhusu jambo hili.

Pili, machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Ndiyo sababu kufikicha na kupepeta si hiari. Asiyeweza kufanya hivyo kwa uangalifu atumie ulezi.

Tatu, kimea chenye ukungu kitupwe. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi.

Nne, kimea huongeza nguvu ya uji lakini hakileti vyakula vyote. Karanga zilizosagwa, maharage, maziwa, mboga na matunda bado vinahitajika. Uji huu ni wa mtoto aliyetimiza miezi 6, naye aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Asali asipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

WAJIBU WA CHAMA

Kutengeneza kimea nyumba kwa nyumba ni kazi ya siku kadhaa, na mama aliye shambani huishindwa kwa urahisi. Hapa ndipo ushirika unapofaa. Debe moja la ulezi likichipushwa kwa pamoja hutoa kimea cha kutosha kaya nyingi, kwa kuwa kila sufuria huhitaji kijiko kimoja tu. Chama chenye mashine ya kusaga kinaweza kutenga siku moja ya mwezi kwa kazi hiyo, mashine ikiwa imesafishwa kwanza, na kuwaalika wahudumu wa afya wa kijiji waoneshe upishi wake. Makatibu wanashauriwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu kabla ya mavuno, ili nafaka ya kimea itengwe mapema, kabla gunia la mwisho halijakwenda sokoni.