Paka wa Fleti Hana Raha: Pesa Ianzie Wapi?

Paka wa Lamu akichoshwa na kelele za nyumba hupanda ukuta akaenda zake. Paka wa fleti ya Upanga au South B hana pa kwenda. Anashinda na paka mwenzake asiyempenda, wageni wanaingia na kutoka, na beseni lake moja la mchanga limewekwa kando ya mashine ya kufulia. Ndipo anapoanza kukojolea godoro, kujilamba tumbo mpaka manyoya yaishe, au kujichimbia chini ya kitanda mchana kutwa. Mwenyewe anakimbilia dukani, na mara nyingi anachoonyeshwa kwanza ndicho cha ghali: kichupa cha harufu ya kutuliza, cha kuchomeka kwenye soketi.

Shilingi ya kwanza iende kwa daktari wa mifugo. Paka anayekojoa ovyo huenda kibofu kinamuuma, na hakuna harufu itakayoondoa maumivu hayo. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia imeziba. Huyo apelekwe saa hiyo hiyo, kwa sababu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Aliyekataa chakula siku nzima naye asingojewe, maana paka akikaa na njaa ini lake huharibika upesi. Kupima mkojo kuna gharama, lakini ukilipa unajua unapambana na nini. Na jamani, msimpe Panadol. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Daktari akisema mwili ni mzima, sasa tuzungumzie kile kichupa. Kinachojulikana zaidi ni Feliway, chenye nakala ya harufu ambayo paka huiacha anaposugua mashavu kwenye viti na milango. Baadhi ya paka hutulia kwa harufu hiyo, ila matokeo ya tafiti hayalingani, na kadhaa kati ya tafiti hizo zimegharamiwa na watengenezaji. Kichupa kimoja hudumu kama siku 30, kwa hiyo kabla ya kununua zidisha bei yake kwa 12. Hapo ndipo utaijua gharama yenyewe. Halafu tazama nyumba yako. Kifaa hicho kinahitaji umeme muda wote na chumba ambacho hewa haikimbii. Dar es Salaam au Mombasa, madirisha yakiwa wazi na feni ikizunguka, sehemu kubwa ya ulichonunua inatoka nje na upepo. Ningekinunua kwa chumba kimoja kinachofungwa, tena kwa kipindi maalumu: mnahama, au mtoto mchanga anakuja.

Vitu ninavyoviamini zaidi vinapatikana sokoni. Mabeseni kwanza: idadi ya paka ongeza moja, yaani paka wawili mabeseni matatu, tena yawekwe mahali tofauti, maana yakipangwa pamoja paka mbabe huyalinda yote kwa mpigo. Beseni la plastiki la kufulia, pana na lisilo na mfuniko, paka wengi wanaligeukia kwa raha kuliko kile kijumba cha dukani kinachofungia harufu ndani. Mchanga laini wa kawaida unatosha ukizolewa uchafu kila siku. Ule wa dukani wenye manukato unawakera wengi, na unalipia hayo manukato.

Pili, mahali pa kujificha, ambapo hapagharimu kitu. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwapa maboksi baadhi ya paka waliokuwa wameingia karibuni katika kituo cha kuhifadhi wanyama, na hao wakatulia mapema kuliko wenzao wasiopewa. Omba boksi la tambi au biskuti kwa mwenye duka, kata mlango, weka kanga ya zamani ndani. Lingine liweke juu ya kabati, kwani paka mwenye wasiwasi hupenda kuwatazama watu akiwa juu.

Tatu, mahali pa kukwarua. Vigingi vingi vya dukani ni vifupi na vinayumba. Paka akivigusa mara mbili anarudi kwenye kochi. Nunua kamba ya katani, izungushe kwenye gogo zito la kimo cha mita moja hivi, ajinyooshe mwili mzima. Mabeseni mawili, kamba na gogo kwa pamoja bado havifiki bei ya kile kifaa cha soketi, na kamba ikichakaa unafunga nyingine.

Vyakula maalumu vya kutuliza vipo, ila ni vya kununua kila mwezi. Kwa paka mwenye historia ya kibofu, ningeanza na maji: supu ya samaki aliyechemshwa, bila chumvi, vitunguu wala kitunguu saumu, imwagiwe juu ya chakula chake. Dume anayenyunyiza mkojo ukutani ahasiwe. Ni gharama ya mara moja, na wengi huacha.

Dawa za wasiwasi huja mwisho, kwa cheti cha daktari, pale paka anapojijeruhi kwa kujilamba au anaposhambulia wenzake licha ya mabadiliko yote hayo. Zile za kila siku huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na hazikatwi ghafla. Kwa hiyo muulize daktari bei ya miezi sita, si ya pakiti ya kwanza, kabla hujakubali kuanza.