Kisanduku cha Intaneti Nacho Chataka Ulinzi

Mzazi wa Sibwesa, mkoani Katavi, hununua kifurushi cha intaneti ili mwanawe ajisomee. Kikiisha kabla ya usiku, lawama zote huangukia kampuni ya simu. Kumbe pengine wageni wanakitumia, kwa kuwa neno la siri bado ni lile lililobandikwa chini ya ruta.

Fungua ukurasa wa mipangilio kwa anwani iliyoandikwa kwenye kisanduku hicho. Kwanza, badilisha neno la siri la mtandao na lile la msimamizi. Pili, chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 uliotolewa mwaka 2018, iwapo simu zenu zinaukubali. Tatu, zima WPS. Nne, chagua masafa: gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali. Gigahezi 5 zina kasi, lakini hufifia upesi. Katika 2.4, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani.

Hatimaye, kagua orodha ya simu zilizounganishwa. Ifanyeni kazi hii pamoja na watoto, kabla ya kumlaumu yeyote.