Neno "Uvimbe" Katika Mafunzo ya Endoskopia

Endoskopia ya njia ya juu ya chakula ni uchunguzi wa umio, tumbo la chakula na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Chombo chake, endoskopu, ni mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani, na urefu wake ni kama mita 1. Hupitishwa kinywani, mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto. Mwaka 1957, nchini Marekani, Basil Hirschowitz alikijaribu kooni mwake mwenyewe chombo cha awali kilichopitisha picha kwa nyuzi za kioo.

Mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa mambo mawili kwa pamoja: mkono wa kuongoza chombo pasipo kutumia nguvu, na jicho la kutambua kionekanacho. Jicho hilo huhitaji neno, kwani mwalimu na mwanafunzi hutazama picha moja na kuamua papo hapo. Hapo ndipo neno "uvimbe" linapotatiza, kwa kuwa hubeba maana tatu.

Kwanza, ni utando wa ndani uliofura na kuwa mwekundu. Pili, ni nyama iliyoota, ambayo yaweza kuwa saratani. Tatu, ni vena za umio zilizojaa damu kupita kiasi, jambo liwapatalo baadhi ya wagonjwa wa ini na wa kichocho cha matumbo. Nyama iliyoota hukatwa vipande vidogo vikapimwe maabara. Vena ikikatwa vivyo hivyo, mgonjwa aweza kutokwa na damu hata akafa. Basi mwalimu akisema, "Kata kipande cha uvimbe ule," mwanafunzi afuate maana ipi?

Neno "mshipa" nalo halituokoi, maana huitwa hivyo vena, ateri na hata neva.

Twapendekeza istilahi tatu. "Mfuro" litumike kwa utando uliofura. "Uvimbe" libaki kwa nyama iliyoota tu, kwa sababu wagonjwa wengi wamekwisha kulizoea kwa maana hiyo. "Mtutumko wa vena" litumike kwa hali ya tatu. Yawezekana msomaji akaona kuwa istilahi hii ya mwisho ni ndefu. Ni kweli; lakini urefu huo ndio utakaouzuia mkono wenye koleo kabla haujakata.

Waganga, wauguzi na walimu wao wanaombwa watuletee maoni yao.