Gari Lenye Macho Nyuma

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini sidhani kama walimfikiria mtu anayerudi kinyumenyume gizani, katika matope, na Land Rover iliyojaa mikungu ya ndizi. Mimi nimekuwa mtu huyo, ndugu msomaji, na leo nitakusimulia yaliyonipata, kwani yamenifunza jambo ambalo miaka yangu yote ya kushika usukani haikunifunza.

Yeyote aliyekulia katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka Embu hadi Meru, anaijua Land Rover kama ajuavyo jembe la kwao. Gari hili lilionyeshwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha na chuma kilikuwa haba Uingereza, basi bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Katika miaka ya 1970 magari haya yakawa yanaunganishwa hapa kwetu, Thika. Yamebeba walimu, wagonjwa, majeneza, mbao, miraa na maharusi. Huko Uingereza waliacha kuunda yale ya umbo la zamani mwezi wa Januari, 2016. Huku kwetu yaliyobaki bado yanapanda vilima.

La mjomba wangu, hapa karibu na Nkubu, ni la aina ya Series III, lile refu la inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, lenye turubai nyuma. Kila Jumamosi mimi hushuka nalo upande wa Mitunguu kuchukua ndizi kwa akina mama, na mtoto wa dada yangu ndiye utingo wangu.

Dereva na utingo wana lugha yao. Kofi moja ubavuni mwa gari ni simama. Makofi mawili ni twende. Gari likijaa mikungu, kioo cha ndani kinaonyesha ndizi tupu, na vya nje, usiku ukiingia, vinaonyesha giza. Basi dereva hurudi nyuma kwa sikio. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na hakuna aliyeuliza kama ni vyema.

Jioni moja ya Novemba, mvua za vuli zikinyesha, tulikuwa katika kijia chembamba chenye mtaro upande mmoja. Nikatia rivasi. Nikasikia makofi mawili, nikarudi. Kisha kimya. Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani kimya ni ruhusa. Kumbe kijana alikuwa ameteleza, tochi imemponyoka, na gurudumu likapanda juu ya mguu wake. Nilichosikia baadaye hakikuwa kofi bali ukelele. Kilichomwokoa ni matope yale yale, kwani mguu ulizama badala ya kupondeka. Hata hivyo mifupa miwili ya wayo ilivunjika, akakaa na plasta wiki sita.

Dada yangu hakunigombeza. Alinitilia chai, akangoja nimalize kikombe, kisha akasema: "Kaka, gari lenu lina macho mawili mbele. Huku nyuma mmemfanya mwanangu ndiye jicho." Nilikosa la kumjibu.

Nikaenda kwa mjomba kumwomba tuweke taa ya kazi nyuma ya gari. Lo! Mzee alinitazama kama niliyemwomba auze shamba. "Gari hili," alisema, "halijatobolewa tundu hata moja tangu linifikie. Wanakuja watu kutoka Nairobi kulipiga picha kwa sababu liko kama lilivyotoka kiwandani. Wewe wataka kulivalisha herini?" Nikamwambia, "Mjomba, si pambo ninalotaka. Nataka kumwona mtoto wa dada." Akanyamaza kitambo. Mwishowe akasema twende Embu, kwa fundi wake wa zamani. Fundi akikubali kuifunga taa bila kutoboa bodi, naye atakubali.

Fundi huyo ni mzee aliyezeeka pamoja na magari haya. Hakushika spana kwanza; aliuliza maswali. "Mzee mwenzangu, gari lako ni la mwaka gani?" Akaeleza kwamba Land Rover nyingi za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 ziliungwa upande chanya wa betri kwenye chesisi, kinyume na magari ya siku hizi. Mtu akifunga taa ya kisasa katika gari la namna hiyo bila kujua, haitawaka, na huenda ikaungua. Series III ni hasi kwenye chesisi, lakini hata hivyo alifungua boneti akahakikisha kwa macho yake, kwani alisema gari la umri huu limepitia mikono mingi.

Kisha akatupa hesabu. Taa ya zamani ya wati 55 katika umeme wa volti 12 hula ampea nne na nusu hivi. Ikiwaka wakati injini imezimwa na watu wanapakia, betri iliyochoka itakuacha njiani. Taa ya LED ya wati 27 hula ampea mbili na robo, na mwanga wake unatosha kabisa kazi ya nyuma ya gari. Tukachagua hiyo.

Na tundu je? Fundi alizunguka nyuma, akagonga kwa kidole kile chuma kilichopindwa kinachoshikilia turubai. "Hiki si bodi," akasema. Akatengeneza vibano viwili, akavitia mpira ndani ili visikwaruze rangi, akaifunga taa hapo juu, imeinama kutazama chini. Mjomba alivikagua vibano kwa miwani na bila miwani, asione kosa.

Waya aliutoa moja kwa moja kwenye betri, akaweka fyuzi ya ampea tano karibu kabisa na betri, siyo karibu na taa. Nilipomwuliza sababu, alisema: "Fyuzi hailindi taa, kijana. Inalinda waya. Waya ukichunika njiani ukagusa chuma, fyuzi iliyo mwisho wa safari haitakusaidia. Gari litawaka moto kabla umeme haujaifikia." Akaupitisha waya ubavuni mwa chesisi ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi, na kila palipokuwa na ukingo wa bati akaweka mpira wa kuuzuia usikatwe.

Upande wa hasi hakuufunga kwenye bodi. Alumini na chuma vikikutana penye unyevu huliana, akasema, na ndiyo maana taa nyingi za Land Rover hufifia bila sababu ya kuonekana. Alikwangua rangi ya chesisi mpaka chuma kikang'aa, akafunga nati, akapaka grisi. Mwisho akaweka swichi chini ya dashibodi, kwenye kibati kilichoshikwa na skrubu iliyokuwepo, na kando yake kitaa chekundu.

"Hicho kitaa ni cha nini?" aliuliza mjomba.

"Cha kukumbusha, mzee. Ukienda barabarani bila kuizima ile ya nyuma, unaua mtu."

Maneno hayo tuliyaelewa vizuri usiku ule ule, tukirudi. Kutoka Embu tulipita Runyenjes, tukavuka mto Thuchi, tukapita Chuka giza likiwa limekwisha kuingia. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa daraja la Nithi. Ni nani katika sehemu zetu asiyelijua daraja hilo? Tarehe 24 Julai, 2022, basi lililotoka Meru lilitumbukia pale, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kila dereva mwenye akili hupunguza mwendo na kunyamaza anapofika hapo.

Nyuma yetu palikuwa na lori. Nilitupa jicho kwenye swichi, nikaona kitaa chekundu kimezima, nikashukuru. Jicho la dereva limezoea kwamba mwanga mweupe ni gari linalokuja na mwekundu ni gari linalokwenda. Ukimwashia mwenzako mweupe machoni kwenye mteremko kama ule, umemwibia breki na barabara kwa pamoja. Mjomba naye alikuwa akikitazama kitaa kile kile. Hakusema neno mpaka tulipopita Chogoria.

Jumamosi iliyofuata tulishuka tena. Mtoto wa dada alikuja pia, ingawa alikuwa bado anachechemea kidogo, naye mjomba akajipandisha kiti cha mbele, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi. Jua lilipotua tulifika kwenye kijia kile. Mjomba mwenyewe alinyoosha mkono akabonyeza swichi. Nikatoa kichwa dirishani na kutazama nyuma: mtaro ule, majani ya migomba, nyayo za watu kwenye matope, na kijana amesimama kando, mbali na magurudumu, mkono juu. Alipiga makofi yake mawili kwa mazoea tu. Safari hii nilikuwa nimekwisha kumwona.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitazamia. Akina mama wa ndizi hupimiwa kwa kilo, na jioni mizani husomwa na mnunuzi kwa tochi yake. Anayesoma ni yule anayeishika tochi. Usiku ule taa yetu ilipowaka, mshale wa mizani ulionekana na wote. Mama mmoja alisogea, akainama, akasoma kwa sauti. Kisha akasema kwa upole, "Hebu turudie ule wa kwanza." Ukarudiwa, na ukazidi ulivyokuwa umeandikwa. Mnunuzi alikohoa. Mjomba alitazama pembeni, lakini nilimwona akitabasamu.

Siku hizi watu wa picha wakija kutoka Nairobi, husikitika kidogo kuiona taa hiyo kwenye gari la zamani. Mjomba huwaonyesha vibano, na kuwahakikishia kwamba hakuna tundu. Wakiuliza ni ya kazi gani, humwita mtoto wa dada aje awaonyeshe mguu wake.

Nawe, ndugu msomaji, kama una gari la kazi, usiku mmoja mpe mwingine usukani, uende ukasimame nyuma palipo na utingo wako. Kaa hapo mpaka gari lianze kurudi. Kisha utajua kama unahitaji taa au huihitaji.